UZI: Shopingi senta za Lamu Road Malindi, zilijengewa nani?

Mkaa_Barani

Wadau salaam. Kila baada ya muda lazima aingie mtu humu kulalamika ati Malindi haina moli kama Nyali, mwengine amjibu watu wa Malindi hawana pesa, wa tatu alete siasa za kaunti, na uzi unafia hapo. Leo tuongee historia kidogo. Maana Malindi shopingi senta tulikuwa nazo zamani sana, na kwa mji wa kiasi chetu zilikuwa nyingi tu. Shika Lamu Road uende upande wa kasino utaziona, za chini au ghorofa moja, uwanja katikati, matao meupe, nyengine zimeezekwa makuti. Sabaki Centre, Galana Centre (yote mawili majina ya mto ule ule mmoja, huko juu ni Galana ukifika kwetu ni Sabaki, hunifurahisha sana hiyo), na vile vidogo vidogo ambavyo hata mabango yashafutika. Kwa hivyo kuuliza kwa nini hatuna moli ni kuanzia katikati ya hadithi. Mimi nauliza hizi tulizokuwa nazo zilijengwa kwa ajili ya nani.

Na jibu langu nalitoa mapema ili anayetaka kubisha abishe. Kila moli duniani ina duka kubwa la kuvuta watu, wenye majengo huliita anka, kwa kawaida ni supamaketi. Za kwetu anka yake haikuwa duka lolote. Ilikuwa msimu wa Mtaliano.

Naendelea, msiruke juu kwanza.

Mkaa_Barani

Turudi nyuma. Hii moli iliyofunikwa juu na hewa ya mashine ndani ilianza Marekani, mji wa Edina jimbo la Minnesota, inaitwa Southdale, ilifunguliwa Oktoba 1956. Mchoraji ni Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi 1938. Minnesota baridi yake si mchezo, ndo akaona afunike kila kitu, nje theluji ndani watu na mashati mepesi wanatembea kwenye miti na ndege. Na ujanja wake mkubwa ulikuwa huu, aliingiza maduka makubwa mawili yanayoshindana, Dayton's na Donaldson's, chini ya paa moja, ili mama akitoka hili kwenda kulinganisha bei lile apite mbele ya maduka madogo yote. Hao wadogo ndo wanaolipa kodi ya kuumiza kwa kila futi, wakubwa hupewa bei ya urafiki. Mpaka leo ndo hivo hivo.

Sasa sikilizeni hapa. Southdale ilikwenda kule sababu watu washahamia kando ya mji, kila nyumba na gari yake, na serikali inajenga mahaiwei. Watu walitangulia moli ikawafuata. Kulikuwa pia na mambo ya ushuru, sheria yao ya 1954 iliruhusu mwenye jengo jipya la biashara kukata uchakavu haraka haraka miaka ya mwanzo, kwa hivyo mtu akijenga anapata nafuu ya ushuru hata jengo likisuasua, moli zikaota kila pembe. Gruen mwenyewe alitaka pawe na nyumba na shule na mabustani kuizunguka, pawe mji hasa, wao wakachukua maduka na parking tu. Uzeeni akarudi zake Vienna na akawa hataki hata kuhusishwa nazo.

Kenya ya mwanzo kwa mtindo huo ni Sarit Centre, Westlands kule Nairobi, 1983, na supamaketi ya Uchumi ndani. Westlands pia nyumba zilikuwepo kitambo na watu wake walikuwa na magari. Kumbukeni hiyo.

Bint_Shela_MLD

Mkaa mimi nasoma lakini Minnesota na Malindi wapi na wapi 😂 hebu shuka nchini kaka

Mkaa_Barani

Nashuka dada, subira.

Mtaliano wa mwanzo kukaa kwetu kwa wingi hakufuata bahari, alifuata roketi. Profesa Luigi Broglio wa Roma alitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia setilaiti, akapata Ngomeni, wakasimamisha majukwaa yao majini. Aprili 1967 wakarusha San Marco 2, na tarehe 12 Disemba 1970 ikarushwa pale ile ya NASA ikabandikwa jina Uhuru sababu ilikuwa siku ya Jamhuri yetu. Sasa mainjinia na mafundi wanakaa Malindi, wanaandika barua nyumbani, jamaa wanakuja kuangalia, mmoja ananunua kiwanja, mwengine anajenga hoteli, na kufikia miaka ya themanini mji ushageuka, vijana wa bichi wanazungumza Kitaliano kuliko Kiingereza, na mtoto wa Maweni anakwambia ciao kabla ya shikamoo.

Hapo ndo zikaja senta. Angalia zilichouza: kahawa ya espreso, aiskrimu ya jelato, viatu vya ngozi, vinyago, nguo za kitani, ofisi ya kubadilisha pesa, ofisi ya kuuza vila, mwenye kukodisha magari. Ukitaka unga kilo mbili na mafuta ya taa huvikuti. Unga tulinunua sokoni na kwa maduka ya Wahindi na Waarabu mji wa kale. Senta zilikuwa kando ya mji sawa, lakini huko kando hakukaa mtu wa mwaka mzima, kulikuwa na vila zenye askari na mbwa, mwenyewe yuko Milano.

Mimi baada ya skuli nliajiriwa kwenye duka moja la senta, jina la senta sitalitaja. Kazi yangu asubuhi ni kupangusa vumbi kwenye vifaru na twiga wa mbao, kuwapaka rangi ya viatu wang'are, na kumkataza mteja asiwashike na mikono ya mafuta ya jua. Disemba mpaka Machi, kaskazi, hupati nafasi ya kukaa. Pasaka ikipita, mvua za masika zikianza, kusi linavuma, bahari inachafuka, hoteli zinafunga Mei Juni, pale uwanjani unasikia jenereta ya jirani tu. Agosti wanarudi sababu kwao Italia nchi nzima hufunga likizo. Halafu kimya tena kidogo mpaka karibu na Krismasi. Tajiri wangu alikuwa analipa kodi miezi yote, anauza kama nusu yake, na landlodi anapandisha kodi akihesabu umati wa Januari. Nlikuwa kijana lakini hesabu ile hata mimi nliiona haikai.

Bint_Shela_MLD

Sasa umenena. Lakini umeiruka kubwa kuliko zote, kile kikuku cha plastiki mkononi! Watalii wakaanza kuletwa kwa paketi, kila kitu kishalipwa kwao, ndege ya kukodi inashuka Mombasa maana uwanja wetu wa ndege njia yake fupi, basi linawachukua kilomita 120 mpaka getini kwa hoteli, asubuhi chai, mchana pasta, usiku disko mle mle ndani. Atoke nje kununua espreso kwa nini na kwake ni bure? Mamangu alikuwa na kibanda cha kanga na vikoi mbele ya senta moja, alikuwa akisema Mtaliano wa zamani alikuwa anatembea, wa siku hizi anatembezwa. Anatolewa na basi, dakika ishirini kwa duka ambalo dereva ana kamisheni, anarudishwa.

Mkaa_Barani

Walahi hii umenisaidia. Na ndo sababu wale waliobaki wakategemea wenye vila, sababu mwenye vila ana jiko, atanunua jibini na mvinyo. Pia lira ilipokufa 2002 ikaingia yuro, zile ofisi za kubadilisha pesa zilijaa wiki chache halafu kazi ikapungua, manake hela moja sasa inatumika nchi nyingi na hoteli zenyewe zikaanza kuipokea hapo hapo.

Sharifu wa Langoni

Salaam kutoka Lamu. Sisi huku hata hiyo mada haituhusu, moli inataka parking na sisi gari zetu zinakula majani 😄 Lakini nina neno. Mnasema shopingi senta ni mambo ya Mtaliano na ya Marekani, mbona njia kuu ya hapa mui, kutoka Mkomani hadi Langoni, ni maduka mlango kwa mlango na kivuli juu yako karibu muda wote? Nyumba ndefu zimebanana, jua haliingii, upepo unapita, duka chini mwenyewe analala juu, baraza mbele mtu anakaa hata kama hanunui. Mjerumani wenu wa Minnesota

Mkaa_Barani

Mu-Austria sheikh

Sharifu wa Langoni

Huyo huyo. Yeye alitumia mashine kupata kile wazee wetu walipata kwa upana wa kichochoro. Na duka likikosa mteja mwezi mzima halifi, sababu hakuna kodi, ni nyumba yake. Nyinyi wa Malindi mlikuwa na mji wa kale kama wetu mkaenda kupanga vyumba barabarani.

Mkaa_Barani

Ami Sharifu umenipiga penye mfupa, na nakubali sehemu. Mji wa kale wetu karibu na msikiti wa Jumaa maduka ya zamani yalikuwa ya namna hiyo, mwenye duka anafunga saa sita na nusu, anaswali, anakula, analala, alasiri anafungua tena. Na daftari la deni liko chini ya meza. Mwalimu au karani anachukua mwezi mzima, mshahara ukitoka analipa. Senta haikukopesha mtu wa mjini. Utamkopesha nani, mgeni anayeondoka Jumamosi?

Lakini kusema hakuna kodi si kweli kwa wengi, hata huko kwenu sku hizi nyumba ngapi zishanunuliwa na wageni na duka la chini linapangishwa?

Sharifu wa Langoni

Hilo nimenyamaza.

Fundi_Makuti

Naingilia kwa upande wa paa maana ndo kazi yangu. Makuti watu wanayapenda lakini kwenye jengo la biashara ni gharama isiyoisha. Paa zuri lililosukwa vizuri na kupewa mteremko mkali litakaa miaka kadhaa halafu uanze kuviraka, na kuezeka upya jengo zima ni maelfu kwa maelfu ya makuti, makuti yenyewe sku hizi lazima uyafate mbali. Msimu ukiwa mzuri mwenyewe anaezeka. Msimu mbaya anasema tutangoja mwakani, mvua inaingia, plasta inabambuka, mpangaji anahama. Pili moto. Wote humu tunajua Malindi na Watamu hoteli ngapi zimeungua, waya mbovu au jiko, kaskazi inavuma, makuti yamekauka, upepo unabeba cheche mpaka paa la jirani. Bima ya jengo la makuti si rahisi. Ndo unaona waliofanya ukarabati karibuni wanaweka mabati ya rangi au vigae, na mimi siwalaumu ingawa wananinyima kazi.

Kijana_Muyeye

Kwa hivyo kilichoua ni Mtaliano kupungua au paa? Sijaelewa wakuu

Mkaa_Barani

Yote ni mnyororo mmoja. Weka miaka. 1997 fujo za Likoni mwezi wa nane, pwani nzima ikaonja. Novemba 2002 bomu la hoteli Kikambala. Mwanzo wa 2008 vurugu za uchaguzi, na mwaka huo huo uchumi wa Ulaya ukaanza kuyumba, Mtaliano wa kawaida akahesabu pesa zake. Septemba 2013 magaidi wakavamia moli ya Westgate kule Nairobi. Juni 2014 mauaji ya Mpeketoni huko Lamu, nchi za kigeni zikatoa onyo watu wao wasije sehemu za pwani, hoteli zikafungwa Malindi na Watamu na nyengine hazijafunguliwa mpaka leo. Ukadhani yameisha, 2020 korona, na Italia ndo iliyoanza kupigwa vibaya Ulaya. Machi ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa hapa kwetu, zikarudi Agosti.

Sasa chukua moli ya Westlands, pigo likitokea wateja wanapungua lakini wanakaa pale pale, wanakunywa maziwa, watoto wanataka daftari. Ya kwetu pigo likitokea wateja hawako nchini. Hilo ndo neno langu zima kwa ufupi.

Bw_Hesabu

Mkuu Mkaa nakupinga kidogo. Unafanya kama supamaketi ndo usalama. Supamaketi zenyewe zilianguka! Uchumi ilifungwa 2006 ikafufuliwa ikayumba tena. Nakumatt, jina lenyewe ni magodoro ya Nakuru, ilifika matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki halafu ikashindwa kulipa wanaoiletea bidhaa, rafu zikabaki tupu, Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Tuskys mwaka huo huo ikaanza kwenda. Na anka ikiondoka moli inabaki pango, manake wale wadogo walikubali kodi kubwa kwa sababu yake. Moli ngapi Nairobi ziliwekwa nguo nyeusi?

Mkaa_Barani

Hujanipinga, umenipa nguvu bana. Anka yoyote unayoitegemea peke yake ni hatari. Ila angalia tofauti, Nakumatt ilipoondoka mahali wale wateja walibaki mtaani, ndo maana Naivas na Carrefour (iliyoingia Kenya 2016 pale The Hub Karen) na wengine waliingia vyumba vile vile. Jengo lilipata bwana mwengine. Msimu ukiondoka humpati wa kuingia mahali pake.

Wakili_wa_Bure

Niseme kidogo kuhusu kodi maana watu wengi wa senta ndogo wanaumizwa kwa kutojua. Kenya kuna sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli na mikahawa, Cap 301. Ukipanga duka bila mkataba wa maandishi, au mkataba usiozidi miaka 5, uko chini ya ulinzi wa sheria hiyo. Mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa kwa mdomo, lazima notisi ya maandishi ya miezi miwili kwa fomu yake, na usipokubali unakwenda kwa baraza la kodi za biashara. Ndo maana wenye majengo makubwa wanakuletea mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Watu hudhani hiyo miezi 3 ni zawadi. Ni ya kukutoa kwenye ulinzi. Pia nyinyi mnalipa kilemba, yaani hela ya kupewa chumba mbali na kodi, mkononi bila risiti, siku ya kutoka mnalia.

Bint_Shela_MLD

Eti zawadi 😭😭 mamangu alishangilia ile miezi mitatu jamani

Mkaa_Barani

Haya na sasa kilichobaki, maana watu wanasema senta zimekufa na si kweli, zimebadilika sura. Nlipita ile niliyokuwa nafanya kazi. Chumba cha jelato sasa ni daktari wa meno. Duka letu la vinyago ni wakala wa M-Pesa pamoja na kopi na picha za pasipoti, na ukiangalia vizuri chini ya rangi ya kijani bado herufi za AFFITTASI zinasomeka, Mtaliano wa mwisho aliliandika akitafuta mpangaji akaondoka. Ghorofani kuna chuo cha kompyuta, ofisi ya sako, saluni mbili, na Jumapili kanisa linakodi ukumbi uliokuwa pizeria. Uwanjani katikati tuktuk zinangoja abiria mahali palipokuwa na viti vya kahawa. Mtaliano yupo bado, wale wazee waliostaafu huku, wanakuja kulipia stima na kunung'unika kama sisi.

Na ajabu ni kwamba sahii hakuna kabisa mwezi wa kufunga. Mei mvua inanyesha meno yanauma vile vile. Kodi imeshuka, kweli, na landlodi hana tena yale majigambo, lakini vyumba vya chini vyote vina watu. Wanaonunua ni wa Muyeye, Kisumu Ndogo, Ngala, Mtangani, yaani watu wanaokuja kwa miguu au kwa tuktuk, ambao zamani askari wa mlangoni alikuwa anawauliza unaenda kwa nani.

Kijana_Muyeye

Hapo kwa askari mimi shahidi. Tulikuwa tunafukuzwa tukichungulia aiskrimu.

Bw_Hesabu

Sawa lakini bado tunahitaji moli ya kisasa, huwezi niambia mji wenye historia tangu kabla ya Vasco da Gama ukae na daktari wa meno kwenye pizeria.

Mkaa_Barani

Ije tu, mimi siizuii. Nitauliza swali moja kwa atakayejenga, mwezi wa Juni umemhesabu? Akiwa hesabu yake yote ni Disemba basi anajenga ile ile tu na eskaleta juu yake.

Mama_Cherehani

Mkaa samahani natoka nje ya historia. Kuna chumba ghorofani senta moja hapo Lamu Road nimeonyeshwa, nataka kuweka cherehani mbili za sare za shule na madera. Mwenyewe anataka kilemba na deposit ya miezi miwili. Niingie au niogope?

Mkaa_Barani

Mama yangu sare na madera ni kazi ya mwaka mzima kwa hivyo biashara siiogopi. Ghorofani watu wavivu kupanda, omba ruhusa uweke bango chini kwenye ngazi na iandikwe kwenye mkataba. Soma aliyoandika Wakili hapo juu kuhusu miaka mitano. Kilemba usilipe bila karatasi. Panda siku ya mvua uangalie dari, Fundi kashasema. Halafu stima, senta nyingi za zamani mita ni moja jengo zima na landlodi anagawanya anavyojua yeye, mashine ya daktari na kipasha nywele cha saluni utavilipia wewe. Mwambie akuwekee mita yako ya tokeni kabla hujatoa hata shilingi.

Mama_Cherehani

Mita nimeuliza, kasema ataweka mwezi ujao.

Wakili_wa_Bure

Basi na wewe deposit mwambie utaleta mwezi ujao.